Mwaka Nilioacha Ngano

Habari za kifo cha Mama Malunde zilinikuta Dodoma, mbele ya sahani ya kiporo cha wali na kunde. Aliyepiga simu ni Kabula, binti yake. Alisema tu, "Kaka Deo, mama yetu amepumzika, tunazika kesho kutwa," halafu salio likamwishia. Nilimaliza kwanza kile kiporo mpaka punje ya mwisho, na ninalisema hilo bila aibu, kwa sababu marehemu mwenyewe angenisuta kama ningekiacha. Ndipo nikaingia chumbani kulia. Nililia mpaka mke wangu akaja kusimama mlangoni na kuniuliza kama siku hizi mwenye nyumba wa zamani ndivyo anavyoliliwa, maana wa kwake yeye alipofariki alituma rambirambi kwa simu na kuendelea kupepeta mchele. Nikamwambia huyu hakuwa mwenye nyumba. Huyu ndiye aliyenipa kitambi hiki unachokilalamikia na cheti kile kilichotundikwa sebuleni, na vyote viwili alinipa katika mwaka mmoja, kwa sufuria moja. Mke wangu ananijua kwa kutia chumvi, akanitazama kama anavyonitazama siku zote, akaenda kunipangia nguo. Alipoondoka nikajiuliza ni wapi hasa nilipotia chumvi, nikapakosa.

Mambo ya wazazi na ukoo nitayaacha. Inatosha kujua kwamba nilitoka Lusu, wilaya ya Nzega, nikiwa na miaka ishirini, begi moja, na imani kwamba mtu wa mjini ni mtu anayekula mkate. Kwetu mkate ulikuwa wa Krismasi na wa mgonjwa aliyelazwa. Siku nyingine tulikula mtama, viazi, mihogo, na wali mpunga ukikubali. Kwa hiyo nilipopata kazi kwenye bekari ya Mzee Seifu, Tabora mjini, niliona nimefika peponi bila kupitia kaburini. Pale kila mfanyakazi alikuwa na posho ya mkate mmoja mzima kila siku, na mikate ya Mzee Seifu ilikuwa mikubwa kiasi kwamba paka angeweza kuzalia ndani na watoto wakapata chumba chao. Miaka miwili nilikula mkate na chai ya rangi asubuhi, mkate na maharage mchana, na jioni mkate na chochote kilichokuwepo, na kama hakikuwepo, mkate na mkate. Sikununua chakula. Na katika miaka hiyo miwili ya kushiba bure nikakonda mpaka nikawa na uzito wa kuku wa kienyeji. Tumbo lilijaa upepo, likanguruma kwenye darasa la jioni wenzangu wakageuka, na choo cha uani nilikijua kuliko aliyekijenga.

Chumba changu kilikuwa uani kwa Mama Malunde, Mtendeni. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo mbili, jiko la mkaa, na meza ya miguu mitatu niliyoiegemeza kwenye pembe ili isinione mjinga. Ukuta wa kichwani ulitenganisha chumba na jiko la Mama Malunde, lakini haukufika kwenye bati, kwa hiyo harufu na maneno vilipita juu yake kama majirani wenye ufunguo. Nilijua kinachopikwa kabla mpishi hajaamua. Mama Malunde alikuwa mjane, mtu wa Choma kule Igunga, mwili wa ghala na sauti ya kifaranga. Asubuhi nilimwamkia "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba baba," halafu akaongeza "mwangaluka" ya kwao ili salamu isiwe ya kipwani mno, na hapohapo akanikabidhi kikombe kikubwa cha bati cha uji wa mtama, ulezi na karanga. Hakuuza uji huo. Alisema tu kwamba hawezi kuvumilia kuona mpangaji akipita mlangoni na mtu akaona upande wa pili wa barabara kupitia mbavu zake.

Jioni nilisoma. Shule yetu ya jioni ilikuwa imeazima madarasa ya shule ya msingi, kwa hiyo sisi watu wazima, wengine wana wajukuu, tulikaa kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa masikio, chini ya picha za a ya andazi na b ya bata, tukijifunza milinganyo. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimefanya mtihani wa kidato cha nne na nikashindwa, na nilishindwa kwa miguu. Katika karatasi ya Hesabu niliomba ruhusa ya kwenda msalani mara tano, na kila mara msimamizi alinisindikiza kama mfungwa. Mara ya tano alichoka, akaniambia nibebe kabisa karatasi nikafanyie huko. Alikuwa anatania, lakini ningekubali. Matokeo yalipotoka, Mzee Seifu aliniita kwenye chumba chake kidogo chenye mizani na picha ya Maka, akaniambia ananipa mwaka mmoja zaidi wa kutoka kazini saa kumi. Mwaka mmoja, akainua kidole. Baada ya hapo anahitaji mtu wa zamu ya jioni, na mtu huyo nitakuwa mimi, mpaka mmoja wetu azikwe. Hivyo ndivyo mwaka ulivyofungwa shingoni mwangu: cheti, au tanuri la jioni maisha yote. Na nilijua kabisa kwamba kichwa changu kilikuwa tayari. Tumbo ndilo lililokuwa halijasoma.

Watu wa uani walishaamua kitambo ninaumwa nini. Nilikuwa nimepima damu, nikapewa majibu safi, na karatasi nikaiacha kwa makusudi mezani ili kila anayeingia aisome, lakini watu hawaamini karatasi, wanaamini mbavu. Juu ya ule ukuta mfupi nilisikia mpangaji mmoja akimwambia Mama Malunde aniondoe mapema, nisije nikamfia ndani na kumwachia gharama. Mama Malunde akajibu kwa ile sauti yake ndogo kwamba mtu akifia kwake atamzika, na mpangaji asiyependa misiba ana ruhusa ya kuhama akiwa hai. Nililala nikitabasamu, kisha nikakimbilia chooni.

Mwezi wa pili nilimpata daktari kijana aliyefanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya: aliniuliza ninakula nini. Nilimwambia kwa fahari. Aliandika, akafuta, akaandika tena, kisha akasema kuna watu ambao matumbo yao hayapatani na kitu kilichomo kwenye ngano, akaniandikia neno "gluteni" kwenye kikaratasi. Kipimo chenyewe hakikuwepo pale, akasema. Kilikuwa mbali na ghali. (Nilikuja kupimwa miaka mingi baadaye, Dar, na ili kipimo kione kitu ilibidi daktari wa huko aniamuru nile tena ngano wiki kadhaa kwanza. Sijawahi kula chapati kwa machozi kama zile. Jibu lilikuwa lilelile.) Yule kijana wa Tabora alisema niache ngano mwezi mzima, yote, halafu nirudi. Nikamuuliza kwa hasira sasa nile nini.

"Kwenu wapi?"

"Lusu."

"Lusu wanakula nini?"

Nikamtajia mtama, viazi, mihogo, wali, kunde. Nilivitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja makosa.

"Kula hivyo," akasema, akamwita mgonjwa mwingine.

Siku hizi naona kwenye maduka makubwa ya Dodoma pakiti ndogo za unga zimeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba hazina gluteni, na kwa bei yake ungeweza kununua mbuzi mwenye mimba. Huwa nazishika, nazirudisha, nacheka peke yangu mpaka walinzi wanasogea. Maana mwaka ule, kwa mshahara wa mbeba mikate, nilikula bila ngano hata chembe na nikala kifalme. Siri ilikuwa kununua chakula kikiwa hakina heshima. Mchele niliununua chenga, zile punje zilizovunjika mashineni ambazo wenye hadhi huwapa kuku. Ukizipika na karanga zilizotwangwa, kuku ndiye anayeonewa. Mihogo niliinunua sokoni jioni, muuzaji akiwa amechoka na hataki kuirudisha nyumbani. Dagaa wa Kigoma walikuja na treni, nikawanunua kwa kikombe. Na mfalme wao wote alikuwa matobolwa: viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kwato. Debe moja kutoka kwa watu wa nyumbani lilikaa chini ya kitanda miezi. Ukiwa na haraka unatafuna vilevile, na kwa kuwa kipande kimoja kinatafunwa kwa nusu saa, unashiba kwa uchovu wa taya. Ukiwa na nafasi unaviloweka, unavichemsha, unavimwagia rojo la karanga na asali kidogo, na hapo hata waziri angeomba umwongeze. Mwalimu wetu wa Historia alipofundisha wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, miezi kwa miezi, nilinyoosha mkono nikauliza walikula nini njiani. Akasema mtama, viazi vikavu, mihogo. Nikakaa chini nikiwa nimenyooka. Hakuna aliyebeba pembe kwa nguvu za skonsi.

Ndani ya wiki tatu tumbo lilinyamaza. Sijui nilielezeeje. Ni kama jirani aliyekuwa akipiga ngoma miaka miwili amehama bila kuaga, na wewe unakaa kitandani unasikiliza ukimya. Mashavu yakarudi. Mwezi wa nne nilifanya jaribio la Hesabu saa mbili nzima nikiwa nimekaa, na mwalimu akaja kuniuliza kama niko salama.

Kilichobaki kilikuwa Mzee Seifu. Mfanyakazi wa bekari asiyekula mkate wa bekari ni tangazo baya, na yeye alilichukua kama tusi la ukoo, kwa sababu babu yake ndiye aliyejenga lile tanuri. Watu watasema mkate wangu una nini, alilalamika. Nikamwonyesha kikaratasi cha daktari. Akakisoma, akakigeuza, akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu, akasema daktari huyu bado mtoto. Hata hivyo alikuwa mtu wa haki. Kama sitaki posho yangu ya mkate, akasema, haiwezekani nikatoka mikono mitupu. Kila Jumamosi nitapewa kilo ya unga mweupe badala yake, nifanye ninavyotaka. Sikuweza kukataa mara ya pili. Na kwa kweli nilifurahi, kwa sababu nilijua mara moja nitaupeleka wapi. Miezi mingi nilikunywa uji wa Mama Malunde na sikuwa na cha kumrudishia. Kuanzia Jumamosi hiyo, kila wiki, nilimkabidhi kilo ya unga safi wa ngano kwa mikono miwili. Alipokea akipiga goti kidogo, na Kabula, wakati huo binti wa miaka kumi na tano, aliukimbiza ndani kama mtu aliyepewa mtoto amshike.

Hapo ndipo lilipo kosa langu. Mama Malunde nilimwambia nusu tu. Nilimwambia daktari amenikataza mkate. Niliona aibu kumweleza kwamba tumbo langu limeshindwa na kitu laini ambacho watu hupelekewa hospitalini ili wapone. Mkate, nikasema, na yeye akaitikia kwa kichwa, na toka siku hiyo hata kipande cha mkate hakikuonekana karibu yangu.

Mwezi wa sita tumbo lilirudi na ngoma zake zote. Mwanzoni nilisema ni maji. Nikachemsha maji. Nikasema ni dagaa, nikaacha dagaa. Nikasema ni maharage, nikasema ni karanga zenye ukungu, nikasema ni yule msichana wa kidato cha tatu niliyemwahidi kitenge nikampa kalenda. Nikaacha kimoja baada ya kingine, mpaka nikabaki na chenga za mchele, chumvi na hofu. Mashavu yaliondoka. Darasani nilirudi kwenye dawati la karibu na mlango. Na Mama Malunde alivyoniona ninanyauka alifanya kile ambacho moyo wake ulijua kufanya: akaongeza uji. Kikombe cha asubuhi kikawa viwili, kikawa na cha jioni kabla ya darasa. Ulikuwa mzito, mweupe kuliko zamani, mtamu wa kulamba vidole, na nilimsifu kila siku. Alipokea sifa zangu akiinamisha uso. Na mimi kila Jumamosi, kwa shukrani, nilimletea kilo nyingine.

Nilikaa hivyo wiki saba. Nimewahi kuwasimulia watu kuwa ilikuwa miaka saba, na wakaniamini.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane nilirudi mapema, nikalala chali kitandani na daftari la Baiolojia usoni. Ng'ambo ya ukuta sufuria ilikuwa jikoni na mwiko unakwangua. Nikasikia ile sauti ndogo.

"Kabula, leta ule unga wa Deo. Uji wake umekuwa mwepesi."

Daftari likaanguka. Sikutoka mlangoni kama binadamu. Nafikiri nilipita juu ya ukuta pamoja na harufu. Nilimkuta Mama Malunde ameinamia sufuria, Kabula ameshika mfuko wa bekari ya Mzee Seifu, na mkono wa mama umo ndani ya mfuko huo mpaka kwenye kifundo. Nikauliza unga huo unatiwa humo toka lini. Toka siku ya kwanza ulipoleta, akasema kwa furaha, akidhani namsifu. Yeye na Kabula hawakuugusa. Kitu kizuri kama kile, na mwenyewe mgonjwa, wangekulaje? Aliuhifadhi wote uwe wangu. Kilo zote. Shukrani zangu zote zilikuwa zimenirudia, kikombe kwa kikombe, na nilikuwa nimezinywa nikisifia.

Nikamweleza, safari hii kwa ukamilifu. Si mkate, mama. Ni ngano yenyewe, kwa sura yoyote. Mama Malunde alitoa mkono kwenye mfuko. Aliutazama ule mkono mweupe kwa muda mrefu, akakaa kwenye kigoda, na mwili wote ule ukawa mdogo.

"Nimekulisha kwa mkono wangu," akasema.

Nilijaribu kucheka, nikamwambia hata mimi nilinywa kwa mdomo wangu, tena nikiomba kuongezwa. Hakucheka. Aliinuka, akamwaga uji wote kwenye shimo la taka, akachukua majivu na mchanga, akaisugua ile sufuria mpaka nikahofia itatoboka. Kisha akasimama mbele yangu akaniuliza swali ambalo daktari hakulijua. Je, huu ni ugonjwa, au ni mwiko?

Nikaanza habari ya gluteni, akaninyamazisha kwa kiganja. Kwao Choma, alisema, upande wa baba yake hawali nyama ya pongo, yule swala wa vichakani. Mtu wa ukoo wao akiila, hata kwa kudanganywa, ngozi inambabuka. Hakuna anayewaita wagonjwa. Ukienda kwa watu unasema nina mwiko wa pongo, na mwenye nyumba anakuchinjia kuku na anakushukuru kwa kumwambia. Kama nilikuwa na mwiko, akasema, kwa nini nilikuja mjini nikauficha kama mtu aliyeiba?

Nilikuwa nimebeba kikaratasi cha daktari miezi sita, na hakikuwa kimenisaidia kwa mtu hata mmoja. Jioni hiyo Mama Malunde alisimama katikati ya ua, akawaita wapangaji wote, akatangaza kwamba Deo ana mwiko wa ngano, kwamba ngano haitaingia tena kwenye sufuria ya nyumba ile, na kwamba anayetaka kumpa Deo kitu cha kula amuulize kwanza. Basi. Hakuna aliyebisha. Yule mpangaji aliyetaka nifukuzwe alikuja kuniomba radhi. Alidhani ni ule ugonjwa, kumbe mwiko, kwao pia wapo. Nikawa nimelala mgonjwa nikaamka mtu mwenye asili yake. Na mimi nikajifunza sentensi fupi ambayo nimeisema kwenye kila harusi, kila semina na kila kituo cha basi toka siku hiyo: una nini ndani?

Mahafali yetu yalikuwa wiki mbili kabla ya mtihani, na hapo ndipo palikuwa na mtego wa mwisho. Mnajua mambo ya keki. Hakuna shughuli bila keki, na keki hailiwi, inalishwa: mgeni rasmi anachoma kipande kwa kijiti, anakileta mdomoni mwako, kamera inasubiri, umati unapiga vigelegele, na mtu anayefumba mdomo hapo ni sawa na aliyemtemea mgeni mate. Keki ilitoka kwa Mzee Seifu, bure, ghorofa tatu, kwa heshima ya kijana wake. Nilipoiona imeingia ukumbini niliangalia kwanza mlango uko wapi. Nilikuwa nimepata wiki saba za ukimya tumboni. Nilifanya hesabu haraka: kipande kimoja leo, na Hesabu ningeifanyia tena chooni. Mgeni rasmi alikuwa diwani mmoja mnene, mchangamfu, na alikuwa ameanza kulisha foleni. Mzee Seifu alikaa mstari wa mbele ameegemea fimbo, akinisubiri mimi. Wenzangu wawili wakalishwa. Nikafika. Diwani akainua kijiti. Mzee Seifu akasogea mbele kwenye kiti. Na ile sentensi yangu fupi sikuisema, kwa sababu ni rahisi kuisema jikoni na si mbele ya kipaza sauti.

Kwenye viti vya wazazi kitu kikubwa kilisimama. Mama Malunde alikuwa amekuja kama mzazi wangu, amevaa gauni la zambarau na kilemba, na alitembea katikati ya ukumbi bila haraka akiwa amekumbatia bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cha kufumwa. Alipofika mbele alipiga goti kwa diwani, akamwamkia, akasema kwa ile sauti ya kifaranga iliyolazimisha ukumbi mzima kunyamaza ili isikike, "Mheshimiwa, mwanangu ana mwiko wa ngano. Keki yake ni hii." Akafunua. Matobolwa, yamelowekwa, yamechemshwa, yameng'aa kwa asali.

Diwani akatazama bakuli. Akaitazama keki ya ghorofa tatu. Akanigeukia.

"Toka utotoni?"

Nikasema ndiyo, ingawa utotoni sikujua.

"Basi mimi mwiko wa mtu siuvunji kwenye kipaza sauti," akasema. Akatupa kijiti, akachagua tobolwa moja kubwa kwa vidole, akanilisha, halafu akajilisha mwenyewe la pili, akafumba macho, na akasema kule kwao Nzega mama yake hayupo tena wa kumpikia kitu kile. Alikula manne. Watu wanaosema alikula kumi na manne wameyasikia kwangu. Nikamtazama Mzee Seifu. Alipiga fimbo sakafuni mara moja, akasema kwa nguvu kwa jirani yake, ili mimi nisikie, kwamba kama mtoto ana mwiko si angesema toka mwanzo, yeye kumbe alikuwa anampa unga wa kazi gani. Toka siku hiyo posho yangu ikawa mchele.

Mtihani niliufanya nimekaa. Ndilo jambo ninalojivunia kuliko majibu. Siku ya Hesabu nilikuwa na matobolwa mawili mfukoni, msimamizi akayakagua kwa tochi akidhani ni vibomu vya majibu, akanirudishia. Sikunyoosha mkono hata mara moja. Nilipomaliza niliwaona wenzangu wawili wakikimbia chooni kwa woga, nikawaombea. Cheti kilipotoka nilikipeleka kwanza jikoni kwa Mama Malunde. Hakujua kukisoma. Alikishika kwa mikono miwili kama nilivyokuwa nikimkabidhi unga, akauliza kama jina langu lipo. Lipo, nikasema. Akaonyeshwa, akaligusa, akanipa uji.

Yote hayo niliyabeba kwenye basi kutoka Dodoma. Nilifika Mtendeni asubuhi ya mazishi. Ua umewekwa turubai, wanawake wapo jikoni, wanaume wamekaa kwenye mikeka, na sinia za maandazi zinapita na chai, kama ilivyo kwenye kila msiba. Ukuta wa chumba changu bado haujafika kwenye bati. Kabula, sasa mama mzima mwenye mwili wa mama yake, alinikumbatia tukalia, kisha akaitwa kwenye mambo ya jeneza. Nikakaa pembeni. Akaja binti wa miaka ishirini hivi, mjukuu wa marehemu, mwanafunzi wa chuo, asiyenijua kabisa, akapiga goti, akaniamkia, akanikabidhi kikombe cha bati.

Nikauliza kama ninavyouliza siku zote. Una nini ndani?

Mtama, akasema, ulezi, karanga, mchele kidogo. Halafu akaongeza kwa adabu, kama anayemwelimisha mgeni, "Ngano hatuweki, mjomba. Kwenye ukoo wetu ni mwiko."

Nikamuuliza mwiko huo umeanza lini. Toka enzi za misafara, akasema. Bibi alikuwa akiwasimulia jioni. Kulikuwa na babu mmoja wa ukoo, mpagazi, mwembamba kama fito, mwenye maneno mengi sana. Alibeba mizigo ya wageni, wakampa ngano yao, na siku aliyoitwa mbele ya wakubwa kuulizwa maswali akashindwa kujibu hata moja, akawa anakimbilia porini. Ndipo mama mmoja wa hapa akampikia matobolwa, akaapa ngano haitaingia kwenye chungu chake wala cha watoto wake. Mwaka uliofuata yule babu akarudi mbele ya wakubwa, akajibu maswali yote.

"Yote?" nikauliza.

"Yote, mjomba. Bibi alisema hakukosa hata moja."

Nikainamia kikombe. Hesabu nilipata alama ya mwisho ya kufaulu, na nusu yake nadhani nilihurumiwa. Binti akanisubiri nimalize, akaniuliza kama nimeupenda. Nikamwambia anitilie mwingine.